Mrejesho: zile sarafu nyeusi za shambani Suffolk

Wakuu, niliwauliza kuhusu visarafu 3 vyeusi vilivyoifanya detekta yangu (kifaa cha kutafuta metali ardhini) ilie kwenye shamba la mzee mmoja huku Suffolk, Uingereza. Ni denari, sarafu za kale za Kirumi, za madini ya fedha kabisa! Moja ina kichwa cha Trajan, mfalme wa Roma (alitawala 98–117), na jina lake, TRAIANO, linasomeka ukiiinamisha kidogo dirishani. Aliyenikataza kusugua kwa dawa ya meno, asante sana, nilishafungua tyubu. Kwa sheria ya hazina ya huku ya 1996, sarafu mbili au zaidi za fedha za miaka 300 na ushei, zikiokotwa pamoja, ni hazina: unaripoti ndani ya siku 14. Nimesharipoti. Makumbusho ikizinunua, kwa kawaida tunagawana nusu kwa nusu na mwenye shamba. Yeye anauliza tu lini nitafukia mashimo.