Bustani ya mimea imegeuzwa uwanja wa midoli, na bado tunalipishwa!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, mnivumilie.

Kila kiangazi, likizo ya watoto ikianza, bustani ya mimea inatutangazia "onyesho kubwa la familia". Safari hii wameleta dinosaria wa plastiki. Wana mota tumboni, wanatikisa shingo, wananguruma, watoto wanapiga mayowe. Watoto kufurahi sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni pale walipowekwa.

Yule mkubwa kuliko wote wamemsimamisha mbele ya saikadi, ile mimea ya kale inayofanana na mitende, amezikinga zote. Kibao cha majina kimebanwa nyuma ya mguu wake, hakisomeki. Waya wa umeme umefungwa kwenye shina kwa kamba ya plastiki, imekaza mpaka imeacha alama. Jamani! Masalia ya saikadi yana zaidi ya miaka milioni 250. Zilikuwepo kabla ya dinosaria, zikaishi nao, na walipotoweka miaka milioni 66 iliyopita zenyewe zikabaki. Yaani kilichoiona enzi hiyo kipo hapo hapo, kinaota, halafu kimefunikwa na mdoli. Nani alikaa kikaoni akapitisha hili?

Na si kwamba visa vya kuwasimulia watoto vimekosekana. Kuna saikadi inaitwa Encephalartos woodii. Mwaka 1895 ulipatikana mmea mmoja tu, dume, katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini. Jike hajaonekana mpaka leo. Yote iliyopo kwenye bustani za dunia, ukiwemo ule uliopelekwa bustani ya Kew, London, mwaka 1899, imetokana na machipukizi ya huyo mmoja. Mwambie mtoto hilo uone kama utapumzika na maswali: jike alikwenda wapi? Wanamtafuta vipi? Sasa nendeni kwenye meza ya shughuli za familia mkaone walichoandaliwa. Karatasi ya kupaka rangi dinosaria. Na foleni ya kuchorwa uso.

Nikamuuliza kijana wa kujitolea iko wapi ile kona ya kifauongo, watoto walipokuwa wakigusa majani yanajikunja yenyewe. Akasema imeondolewa kupisha banda la zawadi. Kijana wa watu hana kosa, simlaumu.

Lakini la usiku ndilo limenimaliza. Wanafungua tena jioni kwa tiketi nyingine, eti familia zikaone taa za rangi mitini. Mimi nikafurahi, nikajua hatimaye wanangu wataliona ua la yungiyungi kubwa la Amazoni likichanua, maana mchana huwa tunaambulia majani tu. Ua lile hufunguka jioni likiwa jeupe, linanukia na kutoa joto, mbawakawa wanaingia. Linajifunga nao ndani. Jioni ya pili linafunguka likiwa limegeuka rangi ya waridi, mbawakawa wanatoka wamejaa chavua, wanakimbilia ua jeupe jingine. Onyesho gani la watoto litashinda hilo? Halihitaji mota wala betri!

Tumefika njia ya bwawani, imezungushiwa utepe. Mlinzi anatuambia huku hakuna taa, hakuna kitu cha kuona, rudini kwenye muziki. Hakuna kitu cha kuona!

Sijagusa hata habari ya umati kupangwa foleni juu ya mizizi ya miti ya zamani. Mizizi midogo inayonyonya maji iko karibu kabisa na uso wa udongo, na udongo ukishindiliwa hewa haipiti. Bustani ndiyo iliyopaswa kutufundisha sisi hayo.

Nimewaandikia malalamiko, marefu kuliko uzi huu. Wamejibu kwa kunishukuru kwa maoni yangu, na kunikaribisha na familia yangu kiangazi kijacho. Wanaleta papa.