Naomba ushauri: dakika mbili za mwanzo wa filamu ya mapenzi, tumvute vipi mtazamaji tuliyemkusudia?

MwanafunziTudor

Asalaam aleikum wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu.

Sisi ni wanafunzi wanne wa shule moja ya hapa Mombasa inayofuata mtaala wa Cambridge. Katika somo la taaluma ya habari tumechagua kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu mpya, pamoja na maandishi ya majina ya washiriki, usiozidi dakika mbili, nasi tumeamua iwe filamu ya mapenzi. Baadaye kila mmoja wetu atatakiwa kueleza, miongoni mwa mambo mengine, jinsi kazi yake inavyowashika watazamaji na jinsi ambavyo ingesambazwa kama ingekuwa filamu ya sokoni, kwa hiyo suala la walengwa lina alama zake.

Hadithi yenyewe inamhusu msichana anayemsaidia shangazi yake katika duka la kanga Mji wa Kale, na kijana kutoka Nairobi aliyekuja kufanya mafunzo ya kazi bandarini. Tumepanga kuanza na kijana akivuka kwa feri ya Likoni, kisha wanagongana kwenye kichochoro, vitabu vya msichana vinaanguka, wanatazamana, halafu jina la filamu linatokea juu ya jua linalozama baharini. Walengwa wetu ni vijana wa kike na wa kiume wa miaka 15 hadi 30. Tuna simu mbili, stendi moja ya miguu mitatu, na tumefikiria kutumia wimbo mmoja wa Bongo Fleva unaopendwa sana sasa. Ni mambo gani yatakayomfanya mlengwa wetu asiondoke kabla ya dakika mbili kwisha?

Mhariri_Kisauni

Wa aleikum salaam, na marahaba. Nianze na walengwa, kwa sababu mengine yote yanategemea hapo. Kijana wa miaka 15 anayetazama kwa kujificha kwenye simu ya dada yake na mwanamume wa miaka 30 mwenye mke na kodi ya nyumba hawavutwi na kitu kimoja, na ukijaribu kuwaridhisha wote wawili utapata filamu ambayo kila mmoja anaona ni ya mwenzake. Chagueni mtu mmoja mnayeweza kumwona. Mimi ningesema ni msichana wa miaka 16 hadi 19, mkaazi wa mji wa Pwani, anayefuatilia tamthilia za Kituruki na za Kikorea, na ambaye hutazama akiwa na wenzake au sebuleni huku mama yake akipitapita. Hilo la mama kupitapita si dogo, kwa maana linaamua mnaonyesha nini na hamwonyeshi nini.

Kumbukeni pia kwamba Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya hutumia madaraja ya GE (ya watu wote), PG (watoto watazame kwa mwongozo wa wazazi), 16 na 18. Mkisema mnawalenga wa miaka 15 kisha mkaweka tukio litakaloipeleka filamu kwenye daraja la 16, mmewafungia mlango watu wenu wenyewe, na msahihishaji makini ataliona hilo. Ningeilenga PG na kulieleza waziwazi katika tathmini kwamba ulikuwa uamuzi wa makusudi.

Feri nawashauri muiache. Pale kivukoni askari hawapendi kamera kabisa, na hata mkipata kibali, umati na kelele vitawameza waigizaji wenu.

Baharia_Mstaafu

Wanangu, jua la Mombasa halizami baharini. Bahari iko mashariki yetu, na jua hutua upande wa bara. Mkiliweka hilo, mtazamaji wa Nairobi hatajua, lakini huyo msichana wa Pwani mnayemtaka atacheka. Mkitaka jua na bahari pamoja, nendeni Mama Ngina alfajiri.

BintiKibokoni

Nakubaliana na Mhariri kuhusu walengwa, ila mimi nitasema juu ya hadithi, kwa kuwa nimelelewa ndani ya duka la kanga na naona mmekalia hazina bila kuijua. Kugongana kichochoroni kumeshachoka. Mtazamaji wenu amekuona mara nyingi mno, na vitabu vikianza tu kuanguka atajua yote yatakayofuata.

Sasa fikirini mnunuzi wa kanga. Kijana wa kutoka bara anaingia dukani na kuchagua kwa rangi, kwa sababu hajui kwamba kanga husomwa. Msichana anaikunjua doti juu ya meza, kidole chake kinapita juu ya pindo, kinafika kwenye jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, nasi tunalisoma pamoja naye: “Japo sipati tamaa sikati.” Anainua macho na kumuuliza, “Wamnunulia nani?” Kijana anakaa kimya. Kateni hapo, filamu ianze.

Angalieni kilichotokea. Mtazamaji hajui kama kanga ni ya mama yake, ya mchumba aliyemwacha Nairobi, au kama ameingia dukani kwa sababu alimwona msichana tangu nje, na mwenye kutaka kujua hawezi kuondoka. Aidha mmeonyesha mapenzi bila mtu kumgusa mtu, na mama anayepitapita sebuleni pengine naye atasimama kutazama, maana jina lile atalitambua. Jina hilo mnaweza pia kulifanya jina la filamu, ili msilazimike kuandika maandishi ya waridi yenye mioyo, ambayo kusema kweli yanafanya kila filamu ya mapenzi ifanane na kadi ya harusi.

Kijana_wa_Majengo

Mimi napinga kidogo. Vijana wa leo hawana subira. Usipowapa kitu katika sekunde tano za kwanza wanatelezesha kidole na kwenda kwingine. Anzeni na ugomvi wa mwisho wa filamu, msichana akilia na kurusha kanga, kisha rudini nyuma hadi siku waliyokutana.

BintiKibokoni

Kaka yangu, machozi ya mtu nisiyemjua yananihusu nini? Kwenye tamthilia msichana akilia nami nalia, lakini nimekaa naye vipindi ishirini. Hizo sekunde tano zijazwe na kitu kinachovutia jicho: kanga ikikunjuliwa kwa karibu, ikiijaza skrini yote kwa rangi, na sauti ile ya kitambaa kipya chenye wanga bado. Ugomvi uwekeni katika tangazo la filamu.

Fundi_Sauti_Mvita

Mmenitajia sauti, nami nisipochangia nitakuwa nimeikana kazi yangu. Mtazamaji husamehe picha yenye giza kidogo, lakini hasamehi maneno yasiyosikika. Simu moja irekodi picha, na ya pili iwekwe karibu na waigizaji, imefichwa nyuma ya marobota ya kanga, irekodi sauti tu. Pigeni kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza ili mpate mahali pa kuoanisha wakati wa kuhariri. Sauti ya kitambaa irekodini peke yake baadaye, chumbani, feni ikiwa imezimwa.

Kuhusu muda, msipange mazungumzo jioni ndani ya Mji wa Kale. Mwanga mzuri wa dhahabu unakuja wakati uleule ambapo misikiti inajiandaa kwa magharibi, na jua likitua adhana zitaanza kutoka pande zote. Hamwezi na wala hampaswi kurekodi mazungumzo wakati adhana inasomwa. Fanyeni baada ya alasiri, au asubuhi wakati maduka yanafunguliwa.

Wimbo wa Bongo Fleva uacheni. Si wenu, na YouTube ina mfumo unaotambua nyimbo zenye wenyewe, hivyo kazi yenu inaweza kuzuiwa siku ile ile mtakayoipandisha. Tafuteni rafiki anayepiga kinanda au udi, atunge kitu chepesi cha nusu dakika. Lakini muwe waangalifu na udi: ukipigwa kama taarabu ya zamani utamwambia msichana wenu kwamba hii ni filamu ya bibi yake. Uwekeeni mdundo wa kisasa chini yake.

MwanafunziTudor

Shukrani nyingi kwenu nyote. Tumekaa na wenzangu, na tumeamua kufuata duka la kanga, walengwa wawe wasichana wa miaka 16 hadi 19, na feri pamoja na jua tumeviondoa. Shangazi wa mwenzetu mmoja ana duka na amekubali tulitumie asubuhi. Limebaki swali la usambazaji, na jinsi ya kujua kabla ya kuwasilisha kama tumefanikiwa.

Mhariri_Kisauni

Katika usambazaji semeni yale ambayo msichana huyo hufanya kweli. Filamu ingemfikia kwanza kwa kipande kifupi cha wima kwenye TikTok na hadhi za WhatsApp, kikiishia kwenye swali la “Wamnunulia nani?” bila jibu, kisha filamu nzima ikawekwa YouTube au ikaonyeshwa ukumbini. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, ambalo limekuwako tangu 1998, lingefaa pia kutajwa kwa kuwa Zanzibar nako ni kwa kanga vilevile, ila msiliweke mbele. Wahudhuriaji wa tamasha si walengwa wenu wa kwanza.

Kuhusu kupima, msitegemee grafu za YouTube, kwani watazamaji wakiwa wachache haziwaambii kitu. Watafuteni wasichana wachache wa umri huo wasiokuwa marafiki zenu, mmoja mmoja, mpeni simu na mkae kimya. Msitazame filamu, mtazameni yeye, na mwandike ni wapi macho yake yalihama. Ikiisha, msimuulize kama ameipenda, kwa sababu atasema ndiyo kwa adabu. Muulizeni anadhani kanga ni ya nani. Akiwa na jibu, hata likiwa la makosa, mmempata. Akisema hajui, rudini mezani mkate sekunde kadhaa kabla ya lile swali la dukani.