Mchango wetu kwa mbwa wa mitaani Moshi: tuupeleke wapi?

Mweka Hazina wa Pasua aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama kumi na wanane wa kuweka na kukopa hapa Pasua, Moshi. Kila mwaka tunatenga kiasi kidogo kutoka mfuko wa jamii kwa ajili ya jambo la hisani. Mwaka huu mbwa jike alizaa watoto saba nyuma ya bucha iliyo jirani na mahali tunapokutania, na wawili kati yao wakagongwa na bodaboda ndani ya wiki moja huku tukiona, ndipo tukakubaliana kwamba shilingi 420,000 zilizopo ziwasaidie mbwa. Makubaliano yaliishia hapo. Wapo wanaotaka tununue dagaa na unga wa dona tuwe tunawapikia, wapo wanaotaka fedha ziende kwenye kituo kinachohifadhi mbwa upande wa Arusha, na yupo mmoja, ambaye kwa kweli siwezi kumlaumu, anayeuliza kwa nini mbwa watangulie ilhali mtaani kuna watoto wasio na madaftari.

Mimi nina hofu nyingine. Mwaka juzi nilituma fedha kwa simu baada ya kuona kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni picha ya mbwa aliyevunjika mguu. Miezi mitano baadaye niliiona picha ile ile, mguu ukiwa umevunjika vile vile, lakini ombi likiwa jipya. Safari hii sitaki kuwaeleza wenzangu kumi na saba kwamba fedha zao zimekwenda nisikokujua. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Mgani Mstaafu, Arusha, alijibu:

Dada yangu, hongereni. Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo kwa miaka mingi, na nitaanza na jambo ambalo wengi hawalifikirii: mbwa wengi tunaowaita koko wana kwao. Mfuate mmoja jioni, utamwona akiingia uani mwa mtu, ambako anatarajiwa kulinda usiku na kujitafutia riziki mchana. Mkianza kupika nyuma ya bucha mtakusanya mbwa wa nyumba ishirini mahali pamoja, watang'atana, majirani watalalamika, na siku fedha zitakapokwisha mbwa wataendelea kuja pale pale wakisubiri sufuria.

Kama mimi ndiye ningeshika hizo fedha, ningezielekeza kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa na kuzuia uzazi, na hapo ndipo pia penye jibu la mwanachama wenu anayewataja watoto. Karibu binadamu wote wanaopata kichaa hukipata kwa kung'atwa na mbwa, waathirika wengi ni watoto, na dalili zikishajitokeza mgonjwa haponi. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vipatavyo 59,000 kwa mwaka duniani, vingi vikiwa Asia na Afrika. Aliyeng'atwa anapaswa kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kuwahi hospitali, kisha arudi kwa dozi nyingine katika siku tofauti, na mzazi anayetegemea kibarua cha siku anajua nauli hizo zinavyouma. Kumchanja mbwa kabla hajang'ata ni rahisi zaidi.

Ili ugonjwa usisambae inatakiwa angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe wamechanjwa. Ugumu ni kwamba mbwa wetu hawaishi sana, na jike hubeba mimba kwa siku 63 tu na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kiwango hicho hushuka upesi na kampeni hulazimika kurudiwa kila mwaka. Ndiyo sababu chanjo na upasuaji wa uzazi ninavitaja pamoja. Kuwaua wanaozurura hakusaidii, kwa maana pengo lao huzibwa na wengine ambao hawajachanjwa. Pia msikubali watoto wa mbwa warudishwe nyumbani kwa madai kwamba hawajafikisha miezi mitatu. Katika kampeni huchanjwa mbwa wote, wadogo kwa wakubwa.

Nendeni kwa afisa mifugo wa kata mkiwa na orodha ya nyumba zenye mbwa. Upasuaji wenyewe afanye daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, mwenye nusukaputi na dawa za maumivu. Msimpe mtu mwenye wembe tu na ujasiri.

Mjitoleaji wa Kijenge alijibu:

Namheshimu mzee wangu hapo juu, lakini naona vituo amevipita haraka mno. Mimi hujitolea Jumamosi katika kituo kimoja, na yapo mambo ambayo chanjo haiyamalizi: mbwa aliyemwagiwa maji ya moto, mbwa ambaye mwenye nyumba alihama akamwacha amefungwa mnyororo, au jike mwenye uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa wakati wa kupandana, ambao hutibika kwa sindano za kila wiki endapo kuna mtu wa kumshika na mahali pa kumweka. Wafadhili hupenda kulipia operesheni yenye picha nzuri. Anayetaka kulipia unga, dawa ya minyoo na kupe, au mshahara wa kijana anayeosha mabanda, huwa haonekani.

Kuhusu hofu yako, mama, omba cheti cha usajili. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa na Msajili chini ya sheria ya mwaka 2002 na hutakiwa kuwasilisha taarifa zake kila mwaka. Angalia jina linalojitokeza kwenye simu kabla hujathibitisha muamala, na likiwa la mtu binafsi uliza kwa nini. Zaidi ya hayo, nendeni mkaone. Kutoka Moshi hadi Usa River, upande huo wa Arusha, ni safari ya asubuhi moja, na kituo kinachokataa wageni kwa kila sababu nisingekitumia hata shilingi mia.

Abu Salma alijibu:

Nitasema machache. Kwetu Waislamu mate ya mbwa ni najisi, na baadhi ya watu hufanya hilo kuwa kisingizio cha kumpiga mawe. Mafundisho hayo hayo yanatusimulia mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa. Nimechanjisha mbwa wangu wawili wa ulinzi, na mikono nilinawa.

Mweka Hazina wa Pasua aliandika:

Nawashukuru nyote. Tulikutana jana, na baada ya mabishano marefu tumeamua shilingi 300,000 ziende kwenye upasuaji na chanjo hapa hapa mtaani, na 120,000 zibaki hadi watatu wetu watakapotembelea kituo wakiwa na daftari la risiti. Mwanachama aliyewasemea watoto ndiye aliyejitolea kuandika orodha ya nyumba zenye mbwa, na hadi leo mchana amefikisha 31. Kama mzee alivyosema, jike wa nyuma ya bucha naye amepatikana kuwa na mwenyewe, fundi viatu anayeishi nyumba ya tatu. Amekubali mbwa wake afungwe uzazi, ila daktari ametutaka tusubiri hadi wale watano waache kunyonya.