Waliopiga pembe kwenye vikosi vya Marekani: tupeane uzoefu wa shoo za jazi

Baritoni_Mstaafu
Wakuu, uzi huu ni wa waliopitia safu za pembe kwenye vikosi vya Drum Corps International (mashindano ya vikosi vya pembe na ngoma vinavyocheza vikitembea uwanjani, si vya jeshi) kule Marekani, hasa vile vilivyojulikana kwa jazi. Habari za kulala kwenye sakafu za shule na kusafiri usiku kucha kwenye basi zimeshasimuliwa vya kutosha, tuziache. Tuwekeane kazi yenyewe: muziki ulioandikwa kwa watu kumi na saba waliokaa vitini, unawezaje kupigwa na watu sitini na kitu wanaotembea, na saksafoni haipo hata moja?

Naanza na hilo la saksafoni. Sehemu zake huenda kwa melofoni, na baritoni, pembe ya sauti nene zaidi, huzishika chini. Melofoni ina sauti ya katikati isiyo kali, kwa hiyo ndiyo hubebeshwa noti za tisa na za kumi na tatu kwenye kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja). Wakipewa soprano, pembe za sauti ya juu kabisa, noti hizo, kodi nzima inawasha masikio. Sehemu za tromboni enzi zetu zilienda kwa baritoni, ila baritoni haina bomba la kuteleza, hivyo mteremko wa sauti ulitengenezwa kwa vali iliyobonyezwa nusu. Blue Devils wa Concord, California, walipochukua ubingwa wao wa kwanza mwaka 1976 wakiwa na Channel One Suite, kazi ambayo Bill Reddie aliiandikia bendi ya jazi ya mpiga ngoma Buddy Rich, ilionekana wazi kwamba mpango huo unafanya kazi.

Soprano_wa_G
Mkuu umesahau kitu kimoja: mwaka huo 1976 buruji, yaani pembe za vikosi, hazikuwa na vali tatu. Zilikuwa za ufunguo wa G, na pistoni moja ya kulala pamoja na rota (vali ya kuzunguka). Pistoni ilishusha sauti toni nzima, rota ikashusha nusu toni, na rota ilichezeshwa kwa mkono wa kushoto. Jaribu kupiga mstari wa haraka huku mikono miwili inafanya kazi mbili tofauti! Vali mbili za kusimama ziliruhusiwa 1977, vali tatu 1990, na mwaka 2000 ndipo pembe za ufunguo wowote zikakubaliwa.

Mwenye vali mbili alikosa noti hizi, kwa uandishi wa pembe: juu ya C ya kati hana D bemoli, D wala E bemoli, na juu ya G ya mstari wa pili hana A bemoli. Kuanzia C inayofuata, oktava moja juu ya C ya kati, kwenda juu zote zipo. Ndiyo sababu soprano za zamani zinasikika ziko juu muda wote. Watu wanadhani ni mbwembwe. Nusu ni mbwembwe, nusu ni kwamba huko chini kulikuwa na mashimo. Mwandishi mjanja aliipa baritoni noti iliyokosekana, au alichagua ufunguo ambao mashimo yanaangukia mahali pasipohitajika.

Melo_Safu_ya_Pili
Kwa wapenda historia: Stan Kenton, kiongozi wa bendi ya jazi, aliweka melofoniamu, binamu wa melofoni, kwenye bendi yake kuanzia 1960 hadi 1963. Kwa hiyo kikosi cha Madison Scouts kilipobeba ubingwa wa 1988 na Malagueña, kwa mtindo ule wa Bill Holman alioupangia bendi ya Kenton, sauti hiyo haikuwa ngeni kwa vikosi.

Kontra_Begani
Besi sasa. Kwenye bendi ya jazi besi inadonolewa kwa kidole: sauti inaanza kwa nguvu kisha inafifia yenyewe. Kontra, pembe kubwa ya besi inayobebwa begani, haifanyi hivyo, ukiiachia inajaa tu. Besi ya kutembea, noti nne kila kipimo, kwa mwendo wa mapigo 180 kwa dakika, inakuwa uji. Kuna njia mbili. Ama unaandika pigo la 1 na la 3 tu, ngoma zijazie, ama unagawa safu makundi mawili yanayopokezana kila vipimo viwili. Kwenye kupokezana, noti ya kwanza ya kipimo kipya wapige wote, la sivyo mshono unasikika hadi jukwaani.

Kila noti ipewe kama theluthi mbili za pigo, itamkwe "dum", mwisho ufungwe kwa pumzi. Ukiikata kwa ulimi inatoa mgongano kama mlango wa kabati.

Baritoni_Mstaafu
Naongezea hapo kwenye ulimi, maana ndipo wengi waliotoka bendi za gwaride wanapokwama. Kwenye gwaride noti haikatwi kwa ulimi, ni mwiko. Kwenye jazi noti fupi inatamkwa "dat", na hiyo t ya mwisho ni ulimi kweli. Kikosi lazima kiandike juu ya kila noti fupi kama ni ya pumzi au ya ulimi. Wasipoandika, nusu watafanya hivi na nusu vile, na waamuzi watasema "hamjaanza pamoja" wakati tatizo liko mwishoni mwa noti.

Saa_ya_Uwanja
Mimi nataka kuzungumzia muda, kwa sababu swingi (mdundo wa jazi ambao nusu ya kwanza ya pigo ni ndefu kuliko ya pili) ya uwanjani inavunjwa na vitu viwili: miguu na umbali.

Miguu kwanza. Hatua ya kawaida ni nane kwa kila yadi tano, yaani sentimita 57 hivi, na mguu unatua pigoni. Mguu ni kitu cha mraba. Unauvuta ulimi nao uwe wa mraba, nusu pigo mbili zinakuwa sawasawa, na swingi imekwisha. Dawa ni kutamka kabla ya kupiga: safu isimame, mguu upige mahali pamoja, midomo iimbe "du-da, du-da", ulimi uguse ile nusu ya pili na kuivuta iungane na pigo linalofuata. Kisha ndiyo mnatembea mkiimba, mwisho mnapiga. Kadiri mwendo unavyopanda, tofauti ya nusu hizo inapungua. Ukipita 200 ni karibu sawa, na anayelazimisha mlio wa farasi kwa mwendo huo anachekesha.

Umbali ni shida kubwa zaidi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kwa mwendo wa 160, robo ya pigo ni sekunde 0.094, na kwa muda huo sauti imekwenda mita 32. Uwanja una kina cha karibu mita 49. Kwa hiyo aliye mita 32 nyuma, akisikiliza pembe za mbele na kuzifuata, anapiga akiwa amechelewa robo ya pigo, na sauti yake inachelewa robo nyingine kurudi mbele. Jukwaani inafika nusu pigo pembeni! Kwa muziki wa polepole unaweza kusamehewa, kwa swingi huwezi.

Kanuni: aliye mbele ya ngoma asikilize nyuma, ngoma ndizo saa yake. Aliye nyuma ya ngoma azibe masikio ya moyo na aangalie mikono ya dramu meja, anayeongoza muda akiwa mbele. Ngoma zikihamia pembeni, kila mtu aambiwe upya, kwa kila mpangilio wa watu uwanjani, anatazama au anasikiliza. Kosa la kawaida ni kuwaambia watu "fanyeni vyote viwili".

Mgeni_wa_Uzi
Shikamooni wakubwa. Ile sauti inayoporomoka mwisho wa noti mnaifanyaje watu sitini pamoja? Yetu inatoka kama gunia la viazi limepasuka.

Soprano_wa_G
Marahaba. Amueni mambo matatu: noti ishikwe mapigo mangapi kabla ya kuanguka, mporomoko uchukue mapigo mangapi, na uishie noti gani. Kisha bonyeza vali nusu, legeza midomo, lakini pumzi iongezeke. Wengi wanalegeza pumzi pamoja na midomo, sauti inafia njiani. La pili, pembe isishuke. Mlango wa pembe unakaa juu ya usawa kwa takriban nyuzi 10, ukiuinamisha sauti yote inaenda kwenye majani.

Ule mtikisiko wa noti ya juu usifanywe na safu nzima. Wapeni soprano wawili au watatu, wengine washike noti imenyooka. Na utoke midomoni, kwenda noti ya asili iliyo juu yake na kurudi. Anayetikisa pembe kwa mkono anagonga meno yake.

Melo_Safu_ya_Pili
Tuni, kwa ufupi. Joto likipanda nyuzi 1 ya Selsiasi, pembe isiyopulizwa inapanda karibu senti 3 (senti moja ni sehemu ya mia ya nusu toni). Soprano hupashwa haraka na pumzi, kontra hubaki na joto la hewa ya nje. Mliotuni mchana kwenye nyuzi 33 mkaingia uwanjani usiku kwenye 21, kontra zimeshuka na soprano hazijui. Kontra zipulizwe dakika tano kwanza, zenyewe ndizo zitoe tuni, wengine wapande juu yake.

Noti ya tatu ya kodi kubwa ishushwe senti 14. Ya saba msiihangaikie kama mna vibrafoni, ala ya bamba za chuma, mbele: ile haishuki kwa ajili ya mtu.

Kontra_Begani
Na vali: matone matatu au manne ya mafuta kila asubuhi. Ukirudisha pistoni, namba ya pistoni na ya silinda zilingane. Ukipuliza hewa ikagoma kabisa, usikimbilie fundi, huenda umechanganya pistoni. Bomba dogo la vali lisivutwe kabla hujabonyeza vali yake. Mausipisi, kipande cha kupulizia, ikinasa, koleo hapana. Tafuta kile chombo chake cha kuvutia, kiwe kwenye sanduku la zana kabla ya msimu kuanza.