Shubaka la shawa limevujia kabati la nguo, na mkandarasi anasema ni mvua!

Jamani nisomeni, maana hapa nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Mimi mzaliwa wa Mombasa, huu mwaka wa 11 niko Uganda kwa mume, tunakaa Kyaliwajjala, kando ya Kampala. Mwezi wa pili tulivunja bafu la chumbani kwetu tulitengeneze upya: vigae vya zamani vitoke, sinki libadilishwe, shawa ihamie upande wa pili. Nami nikaongeza kijambo kimoja tu, shubaka. Lile tundu la ndani ya ukuta la kuwekea sabuni na shampuu, badala ya ile raki ya chuma ya kona inayoota kutu halafu siku moja inakuangukia vidoleni. Kwetu pwani shubaka si kitu cha ajabu. Nyumba za mawe za Lamu zina ukuta mzima wa zidaka, yaani vishubaka vidogo, safu juu ya safu, na bado zimesimama. Nikajiona nadai urithi wangu.

Nilichosahau ni kwamba kuta za Lamu ni za mawe ya matumbawe, nene ajabu, na zile zidaka zake hazipigwi na shawa kila asubuhi. Ukuta wangu ni tofali moja la kuchoma. Jumlisha na plasta pande zote mbili, unapata sentimita 15. Na upande wa pili wa ukuta huo ndiko liliko kabati letu la nguo.

Fundi wa kwanza aliyeletwa na mkandarasi alikuwa mzee mmoja wa Masaka, mpole, anaongea Kiswahili cha polepole. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaniita. "Nnyabo (bibie), huu mwembamba. Ukiuchimba utabaki ganda. Afadhali nijenge kiukuta kingine mbele yake, shubaka likae humo, huu wa zamani tusiuguse." Alikuwa na akili yule mzee. Lakini kiukuta kingekula karibu sentimita 12 za bafu, na bafu lenyewe si uwanja wa mpira, kwa hiyo nikasita. Hapo lawama ni yangu, sikatai.

Jioni bosi mwenyewe, yule mkandarasi, akaja, funguo za gari zinazunguka kidoleni. "Tewali buzibu (hakuna shida) nnyabo, hii kazi tunafanya kila siku." Kesho yake mzee hayupo, kapelekwa saiti nyingine. Wamekuja vijana wawili na spika ya muziki.

Sasa sikilizeni kazi ilivyofanyika.

Vigae vyangu ni vya 30 kwa 60. Nilisema wazi, na nikawachorea kwa kalamu ukutani, kwamba shubaka likishakamilika liwe na kipimo hicho hicho, ili kigae kimoja kizima kikae mgongoni bila kukatwa. Badala ya kukata kwa grainda wakaanza nyundo na tindo, bumu bumu bumu asubuhi nzima, na tundu likaenda lilikotaka lenyewe. Likatoka 66 kwa 35. Pengo wakaliziba kwa vipande vyembamba kama kucha zilizokatwa. Juu ya tundu hawakuweka linta yoyote (boriti ya kubeba matofali), matofali ya juu yanajishikilia kwa kudra ya Mungu. Kina wakachimba sentimita 10. Fanyeni hesabu wenyewe: 15 toa 10. Nilipoingia chumbani nikakuta plasta ya nyuma ya kabati imepasuka kama ganda la yai. Kijana akaipaka saruji, akaipiga rangi, akasema imepona. Imepona! Kana kwamba ni mafua.

Kwenye karatasi ya makadirio kulikuwa na mstari unaosema "dawa ya kuzuia maji, 280,000", shilingi za Uganda. Nikauliza, dawa iko wapi, mbona sijaona ndoo? Yule kijana akanijibu huku anachanganya saruji: "Madam, vigae vyenyewe havipitishi maji."

Nataka kila anayefikiria kujenga bafu asome hapa mara mbili, kwa sababu nami niliikubali sentensi hiyo. Kigae chenyewe ni kweli hakipitishi. Lakini ukuta si kigae kimoja, una viungo, na viungoni mna grauti ya saruji, ambayo inanyonya maji kama andazi kwenye chai. Nyumba nyingi hazivuji kwa sababu ukuta ulionyooka maji yanateremka tu hadi chini. Shubaka ni kisanduku. Lina kona nane za ndani, hesabuni: nne mgongoni na nne za pembeni. Kila kona ni mahali pande mbili zinakutana, na nyumba ikitikisika kidogo tu grauti ya konani inapata ufa wa unywele. Ndiyo maana chini ya vigae lazima papakwe dawa, mipako miwili, wa kwanza ukauke kabla ya wa pili, na konani ubandikwe utepe wa wavu kabla ya kupaka. Halafu konani, juu ya vigae, inawekwa silikoni, si grauti. Haya yote nimeyajua baada ya kuumia. Mimi ni mwalimu wa hesabu, si mwashi!

Bado kuna sakafu ya shubaka. Nilianza kuona chupa ya shampuu inaegemea nyuma kama mlevi ukutani. Asubuhi nalikuta kopo la sabuni ya mtoto limekaa ndani ya maji. Nikachukua gololi ya mwanangu, nikaiweka ukingoni mwa shubaka, kwa mbele kabisa. Ikasimama kidogo kama inafikiria. Kisha ikaanza kubiringika, taratibu, kuelekea NDANI, ikagonga kigae cha mgongo: ti. Nikarudia mara tatu. Ti. Ti. Ti. Sakafu ya shubaka inatakiwa iiname mbele milimita mbili au tatu tu, maji yarudi bafuni. Hawa wameliinamisha nyuma, kwa hiyo kila nikioga najaza kidimbwi, na kidimbwi kinakaa pale usiku kucha kinatafuta njia. Pimamaji walikuwa nayo, niliiona. Walikuwa wameikalia wakati wa chakula.

Na mahali pa shubaka je? Nilisema ukuta wa pembeni, wakalichonga hilo hilo tundu uso kwa uso na kichwa cha shawa. Maji ya shawa yanapiga humo ndani moja kwa moja.

Wiki mbili baada ya kumaliza nikasikia harufu kabatini. Unajua ile harufu ya kanga iliyokunjwa mbichi. Nikavuta nguo, nikakuta ukuta una doa la umbo la Ziwa Victoria, na gomesi yangu (vazi refu la wanawake wa Uganda), ile ya hariri niliyoshonewa kwa kwanjula, sherehe ya utambulisho, ya wifi yangu, ina koga jeusi begani na rangi ya mshipi imemwagikia kitambaani. Kanzu ya mume wangu nayo kolani. Nilikaa kitandani, sikulia, lakini sikuwa mbali.

Nikampigia bosi. Siku ya kwanza: "Bambi, pole sana nnyabo, kesho natuma mtu." Hakutuma. Siku ya nne: "Hiyo ni mvua, si unaona masika yameanza?" Ukuta ule uko KATIKATI ya nyumba! Bafu huku, chumba kule. Mvua ipite wapi, chini ya kitanda? Akasema inaingilia darini.

Basi nikafanya alichopaswa kufanya yeye. Siku nne tukafunga lile bafu, wote tukaogea la watoto. Siku hizo nne Kampala ilinyesha mvua ya kuzoa kuku, barabara yetu ikawa mto. Doa likakauka, likawa na pembe nyeupe za chumvi. Siku ya tano nikaoga pale, dakika kumi, asubuhi. Kufika jioni doa limerudi, bichi, ukiliwekea kidole kinateleza. Nikapiga picha zote zenye tarehe na saa, nikamtumia WhatsApp. Tiki mbili za buluu. Kimya.

Nilipompigia tena nikageuza lugha, nikamwaga Kiswahili cha Mombasa cha haraka haraka. Akanywea kabisa, akaanza "ndiyo mama, ndiyo mama". Huku kuna watu wa rika fulani wakisikia Kiswahili cha ukali bado wanakumbuka vizuizi vya wanajeshi waliokuwa wakikitumia, hata kama kimekuwa lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005. Sikufurahia kumtisha mtu hivyo. Sawa, nilifurahia kidogo.

Hakuja vilevile.

Jirani akaniletea fundi mwingine. Huyu alichukua sarafu ya 500, akawa anagonga kigae kimoja kimoja. Vizuri vinatoa sauti ya kujaa. Vyangu karibu na shubaka: ko, ko, ko, kama mlango wa kabati tupu. Akabandua kimoja kwa uangalifu. Nyuma yake hakuna gundi iliyoenezwa, hakuna dawa, hata tone la rangi yake. Kuna vibonge vitano vya saruji, kimoja katikati na vinne pembeni, kama maandazi kwenye sinia, na katikati ya vibonge nafasi tupu. Maji yakatiririka kutoka humo ndani. Bafu lilikuwa halijatumika tangu jana yake! Nyuma ya vigae vyangu nilikuwa na tangi, jamani.

Kuhusu pesa. Bafu lote milioni 6.8, na shubaka walilipigia hesabu peke yake, 350,000 juu ya hiyo ya dawa. Nilikuwa nimezuia asilimia kumi mpaka nijaribu bafu wiki mbili. Bosi akanipigia usiku, ana msiba kijijini, hana hata nauli ya kubeba watu. Msiba! Nani atabishana na msiba? Nikatuma ile asilimia kumi kwa simu pale pale. Kurekebisha nimeambiwa 1,900,000 kabla ya rangi na kabla ya gomesi. Mume wangu hasemi kitu, ila juzi amerudi na raki ya chuma ya kona, ya 20,000, akaiweka mezani bila neno.

NYONGEZA, saa mbili usiku. Asanteni kwa majibu, nimeyasoma yote.

Mnaotaka nimtaje: sitaji kwa sasa, mtaona sababu hapo chini. Msinisukume.

Aliyesema nizungushie silikoni tu yaishe: nilimuuliza fundi hilo hilo. Anasema maji yako nyuma tayari, nikiziba mbele nayafungia yatokee kabatini yote. Na dawa za kupaka juu ya vigae haziwezi kujaza nafasi iliyo nyuma yake. Inabidi vigae vya ukuta ule vitoke, tundu lijengwe kwa tofali, likauke sawasawa, plasta, dawa mipako miwili ukuta mzima wa shawa, kisha ukuta umwagiwe maji na tungoje siku nzima tuangalie upande wa kabati KABLA ya kigae hata kimoja kurudi. Na shubaka litahamia kwenye kiukuta kipya cha mbele, ukuta wa pembeni. Naam, kiukuta kile kile alichosema mzee wa Masaka. Namtafuta yule mzee, simu yake haipatikani.

Yule aliyeandika "wanawake mnapenda mambo ya Instagram": kaka, nenda ukaoge.

Aliyenielekeza kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, nimekwenda. Ni mtu mzuri, aliita pande zote mbili, bosi hakutokea. Mwenyekiti ndiye aliyenikumbusha utaratibu wa madai madogo mahakamani: dai lisizidi shilingi milioni 10, huhitaji wakili, unaanza kwa kumpelekea mdaiwa barua ya madai na kumpa siku 14. Kwa hiyo nimeandika barua. Nimeambatanisha makadirio yenye ule mstari wa dawa, risiti za simu, picha za doa kabla na baada, na video ya sarafu. Ijumaa boda wangu aliipeleka hadi ofisini kwao, akarudi na nakala iliyosainiwa na msichana wa mapokezi. Leo ni siku ya tatu, na jana, kwa mara ya kwanza tangu Machi, bosi amepiga mwenyewe. Anauliza kama tunaweza "kuongea kama ndugu". Nimemwambia siku 12 zimebaki, ndugu.

Mwenye kumjua fundi wa kweli wa dawa ya bafu upande wa Kira au Namugongo, anitumie ujumbe. Asiwe wa "tewali buzibu".

Gololi bado iko mle shubakani, nyuma kabisa, ndani ya maji. Mwanangu anaidai kila siku, nimemwambia ni ushahidi, haiguswi.