Kompyuta ya mezani ya mtumba kwa steshenari: OptiPlex 3020 au 3060? Bajeti 450,000

Mchapaji_Ngongona

Wakuu, habari za jioni. Nafungua steshenari ndogo Ng'ong'ona, wateja wengi ni wanafunzi wa UDOM. Kazi ni kuchapa, kuprinti, kuskani na kuwajazia watu maombi ya HESLB (mikopo ya wanafunzi) na Ajira Portal (ajira serikalini). Printa ya leza ninayo. Duka moja mjini lina Dell OptiPlex 3020 ile ndogo (SFF), i5 kizazi cha 4, RAM 4GB, pamoja na monita ya inchi 19, kwa 320,000. Jingine lina OptiPlex 3060 SFF, i5 kizazi cha 8, RAM 8GB, bila monita, kwa 430,000. Zote zina diski ya kuzunguka ya 500GB. Nichukue ipi, na nianze kubadilisha nini?

Fundi_Nkuhungu

Mkuu, kinachoamua hapa ni Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti ya Microsoft inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). 3060 imetimiza yote mawili. 3020 unaweza kuilazimisha, ila Microsoft haikuhakikishii masasisho kwenye mashine ya namna hiyo. Na wewe utachomekewa flashi za kila aina, watu waandike nywila zao za mkopo kwenye kibodi yako. Ni dhamana kubwa hiyo.

Monita isikutishe. 3060 ina tundu la HDMI, kwa hiyo TV bapa ya nyumbani inatosha kuanzia. (3020 ina VGA na DisplayPort tu.) Bana bei ifike 400,000, hiyo 50,000 iwe ya SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi). Hata ya 128GB inabeba Windows na Office, mafaili ya wateja yakae kwenye diski ya zamani. Prosesa usiiguse, kazi yako haiihitaji.

Kizota_Hardware

Naunga mkono 3060, lakini usitoe hela kabla hujaikagua palepale dukani.

Iwashe ukibonyeza F2 uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine). Ikidai nywila, muuzaji aitoe mbele yako. Humo soma jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM, usiamini kibandiko cha nje. Angalia na tarehe: ikiwa imerudi nyuma miaka, betri ya CR2032 imekwisha. Ni betri ya bei ndogo, lakini saa ikikosea kivinjari kitakataa kurasa salama kikisema muunganisho si wa faragha. Watu wanalaumu bando bure siku nzima kumbe ni saa.

Zima, washa tena kwa F12, chagua Diagnostics, uiache imalize. Kisha fungua Windows uendeshe CrystalDiskInfo (programu ya kupima afya ya diski) kutoka kwenye flashi yako. Current Pending Sector au Reallocated Sectors (hesabu za sehemu mbovu za diski) zikizidi sifuri, hiyo diski usiihesabu kama kitu cha thamani, na bei ishuke. Pawa saplai nyingi za Dell za aina hii zina kitufe kidogo nyuma, karibu na waya wa umeme: ukikibonyeza taa ya kijani iwake. Isipowaka iache, maana pawa saplai ya SFF ina umbo lake na ile ya kompyuta kubwa haiingii humo.

Dai risiti ya EFD, na muda wa kurudisha uandikwe pamoja na namba ya mashine.

Mchapaji_Ngongona

Asanteni sana wakuu. Mawili tu: kuna RAM ya DDR3 ya 8GB naweza kupewa, itaingia kwenye 3060? Na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya 650VA itabeba kompyuta na printa pamoja?

Fundi_Nkuhungu

Haiingii. 3060 ni DDR4, na pengo la kwenye meno ya RAM liko mahali tofauti, ukilazimisha unavunja sloti. Anayesoma huku ana 3020 naye awe macho: zipo DDR3 za 8GB za bei rahisi sana zilizoandikwa kuwa ni za AMD. Kwenye bodi ya Intel mashine haiwaki kabisa.

Kwenye SSD, kosa linaloumiza watu ni kuweka Windows huku diski ya zamani imechomekwa. Kisakinishi kinaweza kuweka sehemu ya kuwashia kwenye diski ile ya zamani. Diski hiyo ikifa baada ya miezi, SSD nzima haiwaki na wewe unadhani SSD ndiyo mbovu. Chomoa kebo ya diski, sakinisha, kisha irudishe. Kabla ya hapo, kwenye BIOS njia ya kuwashia iwe UEFI na SATA Operation (jinsi diski inavyosomwa) iwe AHCI. Ukibadilisha hiyo SATA Operation baadaye unakutana na skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kama ilitoka kiwandani na Windows 10 Pro, ufunguo huwa umo ndani ya BIOS, hivyo ukiweka toleo la Pro inajisajili yenyewe ikipata intaneti. Mwisho, fungua akaunti ya pili isiyo ya msimamizi, na kazi za wateja zifanyikie humo.

Vumbi_la_Kati

UPS ibebe kompyuta na skrini tu. Printa ya leza ichomeke ukutani. Kile kipashajoto cha kuchomea wino kinavuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS ndogo inazidiwa na kuzima kila kitu katikati ya kazi ya mteja.

Na kwa vumbi letu la kiangazi, mashine isikae sakafuni. Kila miezi mitatu itoe nje, fungua kifuniko, piga blowa kwenye mapezi ya kupozea prosesa. Feni ishikilie kwa kidole isizunguke, ikizungushwa kwa nguvu ya upepo beringi zake zinakufa.