Tupeane uzoefu: duka limechangamka, unataka kufungua la pili

Muuza nafaka, Mbagala
Wakuu, duka langu la unga, mchele na mafuta ya kupima limeshika mzunguko. Nimeona fremu nzuri karibu na stendi, ila mwenyewe anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nikimpa, hela ya kujaza mzigo inabaki kiduchu. Mliofungua la pili mlianzaje?

Mama vitenge, Tanga
Tafuta muuzaji kabla ya fremu. Hesabu mzigo kila Jumapili jioni yeye akiwepo, na mauzo yapite lipa namba uyaone kwenye simu yako. Na usimweke ndugu.

Kijana wa Kariakoo
Dada, hapo kwa ndugu sikubaliani. Mdogo wangu ndiye aliyelisimamisha duka langu. Mgeni akikuibia anahama mkoa.

Mama vitenge, Tanga
Na ndugu akikuibia? Ukimdai kinaitwa kikao cha ukoo, mbaya unakuwa wewe.

Muuza spea, Morogoro
Mmenikumbusha mbali. Nilipanga fremu ya spea za pikipiki mahali palipokuwa pamekufa kabisa. Mwenye nyumba alikataa tuandikishane, akasema sisi ni watu wazima. Nikapiga rangi, nikaweka nondo dirishani, nikapigilia shelfu za mbao ukutani. Mafundi wawili nikawaruhusu wakae kibarazani bure. Bodaboda akija kuziba pancha anaondoka na cheni, breki shuu na oili. Pakachangamka.

Siku moja asubuhi nafika nakuta kufuli si langu. Mzigo wangu uko nje umefunikwa turubai, bearingi zimemwagika mchangani. Mzee anasema kijana wake karudi nyumbani, anataka kufanya kazi hapo. Kazi gani? Spea za pikipiki! Shelfu nikaambiwa zimeshakuwa mali ya nyumba. Nilikaa juu ya tairi jipya nikalia, mtu mzima na familia.

Walioniokoa ni wale mafundi. Walibeba spana zao siku hiyohiyo. Nikapata kibanda cha bati mtaa wa pili, wakakaa mbele yake, na wateja wakawafuata wao. Yule kijana alifunga kabla mwaka haujaisha.

Fundi cherehani, Mwanza
Pole sana mkuu. Hili lipo kila mji.

Mama vitenge, Tanga
Nimesoma hadi mwili umesisimka. Hao mafundi usiwaache.

Mhasibu, Dodoma
Ndiyo maana nasema mkataba kwanza, fremu baadaye. Andikeni muda, notisi ya miezi mingapi, kodi itapandaje, na shelfu ni za nani siku ya kuhama. Jambo jingine: kwa fremu ya biashara, mpangaji anakata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Hiyo ni kodi ya serikali anayodaiwa mwenye nyumba, inatoka kwenye hela yake. Wengi wanakubebesha wewe juu ya kodi waliyokutajia. Malizaneni hilo mapema.

Kijana wa Kariakoo
Yaandike hayo huku kwetu uone kama utapewa fremu. Huku unatoa kilemba, hela ya kuachiwa fremu, kwa anayehama kabla hata hujaongea kodi na mwenye jengo.

Mhasibu, Dodoma
Basi heri ukose fremu kuliko kuamka ukute kufuli la mwenzio.

Mama lishe, Temeke
Muuza nafaka, usije ukajazia pengo la mtaji kwa mkopo wa kausha damu. Wale wa rejesho la kila siku wanafika supu haijachemka. Kikundi chetu kilipata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, wenye ulemavu asilimia 2. Hauna riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Makaratasi ni mengi, kavumilie.

Fundi cherehani, Mwanza
Mimi naona asifungue la pili kabisa. Aongeze gesi na maharage hapohapo alipo.

Muuza nafaka, Mbagala
Nawashukuru wote. Nitamwomba nilipe miezi sita tena kwa maandishi, mbele ya mwanasheria. Akigoma, namwachia fremu yake, naleta gesi hapa.

Bodaboda, Kihonda
Muuza spea, kibanda kiko upande gani? Natafuta cheni na sproketi za Boxer.

Muuza spea, Morogoro
Nakutumia namba inbox. Njoo na ya zamani tulinganishe meno.